Siku ya Mashua katika Mto Ruvuma

Sisi tuandikao habari hizi twakaa Wasso, na watu wa Wasso si watu wa tanga. Tuitayo mito huku juu ni makorongo tu: mvua ikinyesha hujaa maji ya matope kwa siku mbili tatu, kisha maji huondoka, yakabaki mawe na nyayo za ng'ombe. Ndugu zetu Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, wajua maji ya mifereji, kwa maana wazee wao waliyagawa kwa zamu na kwa sheria tangu zamani. Walakini hata wao hawana mashua. Na msafiri ashikaye njia ya Ngorongoro kwenda Karatu hupita karibu na korongo la Oldupai, lenye urefu upatao kilomita 48, na mahali pengine kina cha mita 90. Mto uliolichimba korongo hilo ungaliko, lakini ni mto wa msimu: hutoka upande wa Ndutu na Masek, ukaishia katika bonde la Olbalbal bila kuiona bahari. Mtu akituambia kwamba atatweka tanga Oldupai, tutamwuliza kama ana homa.

Basi msomaji asistaajabu mno akikuta habari ya mashua katika kitabu cha jubilei kitokacho kwa watu wa nchi kavu. Tuliombwa kuandika juu ya njia ambazo kwazo misheni ziliingia bara. Wenzetu huandika habari za punda, za magari yaliyokwama katika matope ya masika, na za ndege ndogo zishukazo nyikani. Sisi tumechagua njia iliyotangulia hizo zote, ambayo ilitumainiwa sana na ikashindwa. Ni njia ya mto. Na katika safari zote za njia hiyo, tumechagua hasa siku moja ya mwezi wa Septemba 1862, katika mto Ruvuma, siku ambayo risasi nne zilipenya katika tanga la mashua.

Kwanza yatupasa kueleza jinsi watu wenye akili walivyokuja kuamini ya kwamba mito ya Afrika ni barabara. Katika miaka ya 1855 na 1856 David Livingstone alishuka kuufuata mto Zambezi hata bahari ya Hindi. Aliona maji mapana, mazuri, akaona moyoni mwake vyombo vya moshi vikipanda na kushuka, vikichukua pamba na nguo na Injili, na biashara ya watumwa ikikosa faida na kufa. Lakini mahali pamoja, juu ya mji wa Tete, mto ulipinda, naye akakata njia ya mkato ng'ambo ya vilima. Kwa hiyo hakuiona sehemu ile. Katika sehemu ile ndimo lilimokuwa korongo la Kebrabasa.

Tarehe 4 Desemba 1857 Livingstone alihutubia watu wa chuo kikuu cha Cambridge, akawasihi waifikirie Afrika. Katika hotuba hiyo na nyingine za wakati ule ilizaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wengi wetu twaijua kwa herufi zake za Kiingereza, UMCA. Vyuo vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin vikachanga fedha na watu. Na mwaka uliofuata, 1858, Livingstone alirudi Zambezi na merikebu ndogo ya moshi iliyoitwa Ma Robert, jina ambalo Waafrika walimwita mkewe kwa kuwa mtoto wake wa kwanza aliitwa Robert. Chombo chenyewe kilikuwa kibovu. Kilikunywa maji, kikala kuni kuliko kilivyokwenda.

Novemba 1858 walifika Kebrabasa. Pale mto mpana huingia kati ya milima kama ng'ombe wengi wakiingizwa katika mlango mmoja wa boma. Maji hugonga mawe makubwa, hugeuka, huanguka. Walikiacha chombo, wakapanda juu ya mawe kwa miguu, na mawe yalikuwa na moto wa jua hata Wamakololo waliokuwa pamoja naye wakamwonyesha nyayo zao zilizotoka malengelenge. Wakasema kwamba zamani walidhani ana moyo, lakini sasa wameona hana. Habari hii aliiandika Livingstone mwenyewe, nasi twaipenda kwa sababu hiyo: hakuificha. Kumbe njia ya mkato ya siku chache, miaka miwili nyuma, ndiyo iliyomficha jambo ambalo lingemzuia asiseme aliyoyasema Cambridge. Pengine misheni isingalizaliwa. Hatujui tulie au tushukuru.

Kebrabasa ilipofungwa, macho yaligeukia mito miwili mingine. Wa kwanza ni Shire, uingiao katika Zambezi kutoka kaskazini, ambao kwa huo Livingstone aliliona ziwa Nyasa mwezi wa Septemba 1859. Wa pili ni Ruvuma. Ruvuma ulikuwa na sifa moja kubwa: haukuwa chini ya mkono wa Wareno, waliokuwa na nguvu katika milango ya Zambezi. Tena yalikuwako matumaini kwamba mto huo hutoka katika ziwa lenyewe, hata mtu akiingia mlangoni mwake, karibu na Mikindani, na kuufuata, ataona mwisho maji ya Nyasa. Sivyo. Leo kila mtoto wa shule ajua ya kwamba Ruvuma huanza katika vilima vya Matagoro karibu na Songea, na ya kwamba maji ya Nyasa hutoka kwa Shire tu. Lakini mwaka 1861 hapakuwa na mtoto wa shule wa kumwambia.

Askofu wa kwanza wa misheni, Charles Frederick Mackenzie, aliwekwa wakfu Cape Town tarehe 1 Januari 1861. Mwezi wa Machi mwaka ule ule alikuwa ndani ya mlango wa Ruvuma pamoja na Livingstone, katika merikebu mpya iliyoitwa Pioneer, chombo cha moshi chenye magurudumu ya kupigia maji. Ilitakiwa kizame futi 3 tu katika maji; kikazama futi 5. Futi hizo mbili ndizo zilizoamua habari yote. Walipanda maili 30 hivi, na maji yakaanza kupungua chini yao. Homa iliwalaza mabaharia, hata Livingstone akawa nahodha mwenyewe. Wakaogopa kupwelewa hata masika ya mwaka wa pili, wakageuza omo, wakarudi baharini, wakaenda visiwa vya Komoro na kutoka huko Zambezi na Shire.

Mambo ya Shire twayapitia upesi, maana yameandikwa mara nyingi. Pioneer ilikwama juu ya mafungu ya mchanga mara kwa mara, na Askofu aliishika kamba pamoja na mabaharia wakaivuta. Julai 1861 walikutana na msafara wa watumwa, wakawafungua watu 84, na hao wakawa kundi la kwanza la misheni, pale Magomero. Januari 1862 Askofu na kasisi kijana, Henry Burrup, walishuka mto kwa mtumbwi ili wakutane na Pioneer. Usiku mmoja mtumbwi ulipinduka. Watu wakapona, lakini dawa zote zikazama, na kwinini ndani yake. Wakangoja katika kisiwa cha Malo, penye makutano ya Ruo na Shire, wakilala katika nguo za maji kati ya mbu. Tarehe 31 Januari Askofu alikufa kwa homa. Burrup, naye mgonjwa, akasema sala za maziko kwa kukumbuka tu, kwa sababu giza lilimzuia kusoma. Na tarehe 22 Februari akamfuata. Mwezi wa Aprili, Shupanga, alikufa bibi Mary Livingstone, yule yule Ma Robert.

Hayo lazima yawe mbele ya macho yetu tunapoingia katika mashua ya Septemba. Wale waliopanda Ruvuma mara ya pili hawakuwa watu waliotoka kwao jana wakiwa na nyimbo midomoni. Walikuwa wamechoka, na wamefiwa. Livingstone alikuwa amenunua kwa fedha yake mwenyewe chombo kingine, Lady Nyassa, kilicholetwa vipande vipande ili kipelekwe ziwani. Lakini Shire ulikuwa umekauka mno kwa wakati ule. Basi, wakati wakingojea maji, alisema moyoni, Na tujaribu Ruvuma tena. Wala safari hii tusiende kwa merikebu kubwa, bali kwa mashua.

Tarehe 9 Septemba 1862 waliondoka. Manowari ya Kiingereza iitwayo Orestes ilikuwa imetia nanga mlangoni, na kapitani wake Gardner na baadhi ya maofisa wakawasindikiza siku mbili za kwanza, kama watu wasindikizavyo harusi. Kisha wakarudi, na mashua za safari zikaendelea peke yake. Daktari John Kirk alikuwamo.

Sasa tueleze jinsi mashua ipandavyo mto kwa tanga, kwa faida ya wasomaji wa nyika. Mto huvuta chombo kwenda baharini. Hilo mtu yeyote ajua. Lakini Ruvuma hutoka magharibi kwenda mashariki, na katika miezi ile upepo hutoka baharini, upande wa kusi, ukazidi nguvu jua linapopanda. Basi maji hushuka na upepo hupanda. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, watu hushika makasia au pondo, wakasukuma kwa jasho. Alasiri hutweka tanga, na mashua hupanda kinyume cha mkondo bila mtu kuinua mkono, na maji yakilalamika chini ya omo. Huo ndio wakati mzuri wa siku. Mtu hukaa akatazama kingo zikipita: mchanga mweupe, mianzi, ndege wasimamao kwa mguu mmoja, viboko wakifumbua pua zao. Bonde la Ruvuma lina upana wa maili mbili tatu na zaidi, na kila upande pana kilima kirefu kilichosimama kama ukuta wenye miti, hata msafiri aliye chini aona kwamba yumo ndani ya korongo pana lisilo na mwisho.

Walakini neema hiyo ina deni lake. Miezi yenye upepo mzuri ndiyo miezi isiyo na maji. Septemba ni mwisho wa kiangazi katika nchi ile; mto hugawanyika ukawa vijito vingi kati ya mafungu, na kila kijito hudanganya. Kina huwa kifuani, kisha gotini, kisha mashua husugua mchanga ikasimama, tanga likiwa limejaa upepo bado. Ndipo watu hushuka majini wakaburura. Machi, wakati Pioneer ilipojaribu, maji yalikuwako kiasi, lakini chombo kilikuwa kizito. Septemba chombo kilikuwa chepesi, lakini maji hayakuwako. Mto ule hautoi vyote viwili kwa mtu mmoja.

Katika siku ile tuliyoitaja, mashua zilifika mahali ambapo watu wengi walisimama ukingoni wenye mikuki na pinde na magobori. Wakapiga kelele, wakawataka wasimame. Walio mashuani wakaeleza ya kwamba wao ni Waingereza, hawanunui watu, wanatazama mto tu. Maneno yakawa marefu. Mwisho wenyeji wakakubali kupokea hongo, na hongo ikawa kitambaa cha yadi 30.

Tusimame kidogo juu ya neno hilo. Leo hongo ni aibu; ni fedha apewayo mtu kwa siri ili apotoshe haki. Zamani zile halikuwa na maana hiyo. Hongo ilikuwa ushuru wa njia, alipwao mwenye nchi mchana kweupe, mbele ya watu wote, na aliyeupokea alijifunga kumpisha mgeni kwa salama. Misafara yote ya bara ililipa. Basi yadi 30 zilipotolewa na kupokelewa, walio mashuani walihesabu ya kuwa mambo yamekwisha. Wakatweka tanga.

Upepo ukawapeleka karibu na ukingo wenye miti. Na hapo, kutoka katika ukingo, ikaja mishale na risasi kwa pamoja. Mishale ilikuwa na sumu. Wapigaji walikuwa karibu mno, na ukaribu huo ndio uliowaokoa walio mashuani, kwa kuwa mishale sita ilipita juu ya vichwa vyao, na risasi nne zikatoboa tanga na kwenda zake. Hakuna aliyeguswa katika mashua. Watu wakaruka, wakashika bunduki, wakajibu, na mashua ikaendelea kupita, kwa maana upepo haukujua kwamba kuna vita. Waliokuwa ukingoni wakakimbia.

Hivi ndivyo habari ilivyochapwa na kusomwa Ulaya. Majina ya walio mashuani twayajua, hata merikebu zao twazijua kwa majina. Ya walio ukingoni hatuna hata moja.

Tulipowasomea wanafunzi wa darasa letu habari hii, tulidhani watafurahi kwa sababu ya zile risasi na lile tanga, na kweli walifurahi. Kisha mmoja akauliza: Mwalimu, kwani wale waliopiga walikosa nini? Darasa likagawanyika. Wengine walisema wamevunja ahadi, kwa kuwa walikwisha kula hongo. Na mtu aliyekula hongo kisha akapiga ni mnyang'anyi, awe Mwafrika au Mzungu. Wengine walisema, Je, mtu akiona watu wenye bunduki wakipita mbele ya nyumba yake, na nguo nyingi chomboni, ambazo kila mwaka huletwa ili kununua watoto wa jirani, aamini maneno yao kwa sababu gani? Tuliwaacha wabishane hata kengele ikalia, nasi hatukuwa na neno la kuwapatanisha.

Kwa maana hebu tukumbuke nchi ilivyokuwa. Juu zaidi, penye Ngomano, ambapo mto Lugenda huingia katika Ruvuma, njia ya misafara ya kwenda na kutoka ziwa Nyasa ilivuka ikielekea Kilwa. Kilwa ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa watumwa katika pwani ile. Watu wa mtoni walikuwa wakiishi kwa hofu. Wengine walijenga vibanda vyao juu ya mafungu ya mchanga katikati ya maji, ili adui akija wamwone kwanza. Miaka minne baadaye Livingstone alipita kwa miguu katika nchi hiyo hiyo, akakuta maiti za watumwa waliofungwa kwenye miti, wakaachwa kwa sababu hawakuweza kutembea tena. Aliyaandika hayo kwa uchungu. Kwa watu walioishi kando ya njia hiyo, tanga likipanda mto halikuwa ishara ya Injili. Hakuna aliyekuwa amewafundisha kutofautisha tanga na tanga.

Wala hatusemi hayo ili kuwahukumu walio mashuani. Walikuwa na haki ya kutetea nafsi zao, nao walitoa walichoombwa kabla ya kupita. Lakini vitabu vya jubilei vina desturi ya kumweka mwenye haki upande mmoja wa mto na mwenye dhambi upande wa pili. Katika Ruvuma ya 1862 twaona pande zote mbili watu walioogopa, na kati yao kitambaa cha yadi 30 kisichotosha kununua imani.

Safari ikaendelea. Watu wa juu waliwapokea kwa amani, wakawauzia chakula, na kuwaambia habari za mto. Mapindo yakawa mengi, maji yakawa haba. Mwishoni mwa Septemba, walipokuwa wamepanda maili 156 kwa kufuata mapindo yote, waliona mawe. Mto ukawa na miporomoko midogo, na kati ya mawe hapakuwa na nafasi ya kupitisha mashua. Kwetu mtu angesema, Hili sasa ni korongo letu. Ngomano ilikuwa mbele, si mbali sana, lakini kwa mashua ilikuwa kama iko mwezini. Wakageuza. Mkondo uliowapinga majuma mawili ukawachukua, na mwanzo wa Oktoba wakaiona tena Pioneer mlangoni. Njia ya tanga ya kwenda Nyasa kwa Ruvuma ikaisha siku ile, wala haikujaribiwa tena kwa matumaini yale.

Yaliyofuata yalikwenda kwa miguu. Serikali ya Uingereza iliiita safari ya Livingstone irudi nyumbani mwaka 1863. Lady Nyassa, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya ziwa, hakikuliona ziwa hata siku moja; mwaka 1864 Livingstone mwenyewe alikiongoza kutoka Unguja kuvuka bahari ya Hindi hata Bombay, siku 45, na huko kikauzwa. Askofu wa pili wa misheni, William Tozer, aliona kwamba nchi ya Shire inaua watu bure, akaihamisha misheni yote Unguja mwaka ule ule wa 1864. Wako waliomlaumu vikali, na Livingstone alikuwa mmoja wao. Sisi twaona Tozer alikuwa na moyo wa kusema jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia: mto si njia.

Daktari Kirk naye alikwenda Unguja, akawa balozi wa Uingereza huko. Mwaka 1873 ndiye aliyemshurutisha Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na juu ya soko hilo, Mkunazini, misheni ikajenga kanisa lake kuu. Msomaji atazamaye kanisa hilo akumbuke kwamba mtu aliyelifunga soko alikuwamo mashuani siku ile, chini ya tanga lenye matundu manne.

Livingstone alishuka Mikindani mwezi wa Machi 1866, bila mashua. Alikuwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, na wapagazi wenye mashoka wakifyeka njia katika msitu wa Wamakonde, juu ya bonde lile lile alilolipanda kwa tanga. Mwezi wa Mei alifika Ngomano. Jambo ambalo mashua hazikuliweza, miguu ililiweza, ingawa wanyama wake wengi walikufa njiani.

Na mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyetupa Maandiko mengi katika Kiswahili, alitoka Lindi pamoja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, wanaume na wanawake, ambao wengi walitoka asili katika nchi za kuelekea Nyasa. Nia yao ilikuwa kufika karibu na kwao. Walikwenda kwa miguu, mizigo vichwani, hata wakafika penye majabali makubwa ya Masasi. Nchi ikawapendeza, chakula kilikuwapo, wakakataa kuendelea. Basi misheni ya kwanza ya bara katika upande ule ilianza pale walipochoka na kuridhika wapagazi wake. Ramani zote za mito zilizochorwa kwa miaka 18 hazikuwa zimeitaja Masasi. Tena mguu wa hao 50 na zaidi ndio uliokuwa umeijua njia kwanza, kwa maana walikuwa wameipita zamani wakiwa katika minyororo, wakielekea upande wa pili.

Kuhusu Kebrabasa, lile korongo lililofichwa na njia ya mkato, Wareno walijenga ukuta mkubwa kulifunga, nao wakauita Cahora Bassa. Tangu mwisho wa mwaka 1974 maji yamejaa nyuma yake, yakayafunika mawe yale yaliyowachoma Wamakololo nyayo. Leo mtu aweza kweli kutweka tanga juu ya sehemu kubwa ya Kebrabasa, lakini akitoka huko hawezi kufika baharini, kwa sababu ya ukuta.

Ruvuma haujafungwa. Penye makutano ya Lugenda, ng'ambo kidogo ya mahali pale ambapo mashua ziligeuzwa mwaka 1862, pana daraja lenye urefu wa mita 720, liitwalo Daraja la Umoja, lililofunguliwa Mei 2010 na marais wa Tanzania na Msumbiji. Malori huvuka juu yake kwa dakika moja au mbili. Chini yake, wakati wa kiangazi, mto ni vijito kati ya mafungu ya mchanga, na wavuvi hupita kwa mitumbwi ya gogo moja, wakisukuma kwa pondo, kwa maana kina hakitoshi kwa kasia.